Baharia wa Kaloleni Naye Ana Haki Yake

Mitaa ya mashariki ya Nairobi imejaa majina ya vita. Kariokor imerithi jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, na soko la Burma limechukua jina la nchi ambako askari wa K.A.R. walipigana na Wajapani. Lakini baharia jina lake liko wapi? Hata kichochoro hana.

Nayasema haya kwa kuwa pale Kaloleni nilimjua mzee mmoja, sasa ni marehemu, aliyetumikia Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki. Jeshi hilo la Mombasa lilipata jina la kifalme mwaka 1952, likavunjwa 1962, nchi zilizoligharimia zikiwa mbioni kupata uhuru. Kenya haikuunda jeshi lake la majini hadi Desemba 1964. Katikati hapo baharia akawa hana chombo. Mzee wetu akapanda gari la moshi akaja Nairobi, na mkono uliojifunza mitambo ya manowari ukawa watengeneza vinu vya posho Kamukunji.

Umaskini wake haukumuuma kama neno moja: kibaraka. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mnamo Aprili 1954, katika msako wa Operesheni Anvil, askari wa Mwingereza waliizingira Nairobi, na watu zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakatiwa vizuizini. Wenyeji wa mitaa hii wakichujwa kama mchele, yeye alikuwa Mombasa amevaa nguo nyeupe za Malkia. Majirani wengine hawakumsamehe hilo mpaka alipozikwa.

Uchungu wao naufahamu, wala siudharau. Aliyepotelewa na baba Manyani hawezi kuambiwa asahau. Lakini hukumu yao naiona ina kasoro. Askari wa Burma naye alikula kiapo kwa Mfalme wa Uingereza, na leo twanunua nyama chini ya jina la vita vyake bila kumtukana. Mtu ataniambia kuwa mpagazi wa Kariokor alishikwa kwa nguvu, na baharia alijiandikisha kwa hiari. Ni kweli. Lakini kijana wa Kiafrika wa siku zile, asiye na shamba wala elimu ya kumfikisha afisini, hiari yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Serikali ndiyo iliyoshika mshahara, kodi na kipande. Tukitaka kumpima mtu, tumpime pamoja na zama zake.

Wahenga wa pwani wamesema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia huyu amekwenda kotekote, na ngama yake ilikuwa Kaloleni. Alikuwa wetu, kwa mema yake na kwa yale tusiyoyapenda.

Aliye mdogo kabisa katika mabaharia wale sasa amepita miaka 80. Walimu wa mitaa hii, watumeni wanafunzi na madaftari wakawaulize wazee hao walichokiona na walichokitii. Wakawaulize pia waliotoka vizuizini, na maneno ya pande mbili yaandikwe katika daftari moja. Kaburi halihojiwi.