Kususia petroli hakutashusha bei

Kila mafuta yanapopanda bei, hapa Kauma na kule Dzaleka huzuka wito uleule: tususie petroli siku tatu, wenye sheli watashika adabu. Hasira hiyo naielewa. Nauza mchele wa Kyela, na nauli ikipanda, faida yangu ndiyo huliwa kwanza. Hata hivyo, wito huo siuungi mkono.

Malawi haina bahari. Huagiza mafuta yake yote kwa dola, yakipitia bandari kama Dar es Salaam, Beira na Nacala. Mwenye sheli hapangi bei. Hupangiwa na MERA, mamlaka ya nishati. Novemba 2023, kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44, lita ya petroli ilipanda kutoka kwacha 1,746 hadi 2,530. Kumsusia mwenye sheli ni kumpiga punda kwa kosa la mwenye mzigo.

Tena jaribio hilo tumeshalifanya bila kupenda. Mwaka 2024 na 2025 dola ziliadimika, sheli zikakauka, watu wakakaa siku nyingi bila kununua. Je, bei ilishuka? Kwenye madumu ya magendo ilipaa, na Oktoba 2025 bei halali ikafika kwacha 3,499.

Tuwatazame majirani. Aprili 2011, Dk. Kizza Besigye na wenzake huko Uganda walikwenda kazini kwa miguu kupinga bei ya mafuta na vyakula. Dunia iliwaona wakikamatwa, lakini pampu hazikuwasikia. Kenya mambo yalikuwa tofauti. Septemba 2018 Serikali ilianza kutoza mafuta kodi ya asilimia 16. Wasafirishaji wakagoma kuyabeba, wananchi wakapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha Bunge likaipunguza hadi asilimia 8. Wakenya walilenga kodi, yaani kitu kilichofungwa nyumbani na kinachoweza kufunguliwa nyumbani.

Nasi tulenge hapo. Ndani ya kila lita ya Malawi zimo tozo, kama ya barabara na ya umeme vijijini. Sisi wakimbizi hatuna kura, lakini wateja na majirani zetu Wamalawi wanayo. Tuwahimize wamuulize mbunge wao kila tozo inafanya kazi gani. Nanyi mliorejea Burundi, ambako foleni za mafuta mnazijua vizuri, ulizeni kwanza dola zimekwenda wapi kabla ya kumlaumu mwenye pampu.

Wenzangu mnaovuka Songwe, badala ya kususia, changeni nauli mkodi lori moja kwa pamoja. Hapo mtapunguza gharama bila kuomba ruhusa ya mtu. Mchuuzi akifunga biashara siku tatu, anayelala njaa ni mwanawe, si mwenye meli ya mafuta.