Nguo ya masomo si nguo ya chama

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika masomo ya Leta ni ya lazima na ya bure. Lakini asubuhi mtoto anafukuzwa mlangoni sababu shati yake si nyeupe ao hana viatu. Siku mwanasiasa anafika, watoto wale wale wanapangwa barabarani, kwenye jua, wapige makofi. Siku ile hakuna anayeangalia viatu.

Wazazi wetu waliyaona hayo wakati wa Mobutu: watoto waliimbishwa na kuchezeshwa kwa ajili ya MPR.

Tunadai mambo mawili. Mtoto asifukuzwe kwa sababu ya nguo. Saa za masomo zisipewe mukubwa yeyote, awe wa serikali ao wa upinzani.

Wazazi, walimu, tukatae pamoja!