Mwenye Nywila Yuko Pemba

Umebonyeza kusakinisha kifurushi, kompyuta ya kazini imekutaka nywila ya msimamizi. Huna. Mwenye nayo yuko semina Pemba. Ukafanya nini, ndugu yangu? Ukainuka ukaenda kunywa chai.

Umelala! Na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tazama unachokosa ukisubiri. Mwaka 2016 droni zilianza kuruka juu ya Unguja na Pemba, wanafunzi wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wakiwa miongoni mwa warushaji. Visiwa vyote viwili vikapigwa picha, na picha zikawekwa wazi kwa dunia. Mwaka 2018 yakafanyika mashindano ya kufundisha kompyuta kuzisoma: hii nyumba imekamilika, hii imefika nusu, huu ni msingi tu.

Basi leo mtu asiyewahi kukanyaga Darajani anayahesabu mapaa ya Mji Mkongwe kwa lugha ya Python na kifurushi cha rasterio, bure, akiwa sebuleni kwake. Wewe uliye chini ya mapaa hayo unahesabu kwa kidole juu ya skrini. Hilo halikuumi?

Nani kakwambia lazima uwe msimamizi? Tangu 2008 Python inamtengea kila mtumiaji mahali pa kuweka vifurushi ndani ya folda yake mwenyewe. Tangu 2012 inakuja na venv, unajitengenezea mazingira yako bila kugusa mfumo. Lugha ya R ndiyo kabisa: ikinyimwa maktaba kuu, inakuuliza kama unataka maktaba yako binafsi. Inakuuliza! Wewe unafunga dirisha.

Wakuu watasema usalama. Hatari ipo, siikatai. Mwaka huo huo wa 2018 kifurushi cha JavaScript kiitwacho event-stream kilipenyezwa msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali. Lakini kifurushi kibovu kikisakinishwa kwa nywila ya msimamizi kinapewa kompyuta nzima. Kikisakinishwa kwa mtumiaji wa kawaida, kinaishia pale anapofika yeye. Sasa hatari zaidi ni ipi?

Na mlango uliofungwa pasipo njia nyingine, watu huuruka.

Katika ofisi moja nimeona faili la majina ya watu, nambari zao za vitambulisho na za viwanja vyao, likinakiliwa kwenye flashi. Linakwenda wapi? Nyumbani, kwenye laptopu ya mpwa wa ofisa aliyelinakili, iliyojaa filamu za kupakua ovyo, kwa sababu huko hakuna wa kudai nywila. Siri za wananchi zimepanda daladala ndani ya mfuko wa shati! Huo ndio usalama mnaoulinda?

Simlaumu yule ofisa peke yake. Kazi ilitakiwa Ijumaa.

Mficha uchi hazai. Acha kunung'unika kantini, mwandikie mkuu wako barua. Omba mawili: uruhusiwe kutumia venv na maktaba binafsi ya R ndani ya folda yako, na ofisi iwe na ghala lake la vifurushi vilivyokaguliwa, kwenye seva ya ndani, kila mtu achukue humo hata intaneti ikikatika. Programu za kuendesha ghala hilo zipo, na ni za bure.

Akikataa, mwombe aandike sababu na atie saini.