Mizungu ya Jukwaa katika Tamthilia ya Nyimbo Shuleni

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili: mwandishi anasema nini, na anakisemaje. Fani na maudhui vimechambuliwa mpaka mwanafunzi wa kidato cha tano aweza kuvikariri usingizini. Swali la tatu, yaani jambo hilo litaonekanaje na litasikikaje kwa hadhira iliyoketi ukumbini, huachiwa mwalimu wa shule, naye mara nyingi humwachia fundi wa kukodiwa ajaye na mashine ya moshi na taa za dansi. Makala haya yanadai kwamba katika tamthilia ya nyimbo, mzungu wa jukwaa ni sehemu ya utungo wenyewe, na kwamba chombo cha kwanza cha kuutendea ni kwaya.

Kwanza, neno lenyewe. Wapo wasemao “athari maalumu”, tafsiri ambayo haimwelezi kitu yeyote asiyeijua lugha iliyotafsiriwa. “Mazingaombwe” na “kiinimacho” ni maneno mazuri, ila yananuka ulaghai kidogo. “Mzungu”, kwa maana yake ya zamani ya hila ya ustadi inayoshangaza, lafaa zaidi. Na kwa kuwa mizungu ni mafunzo ya unyagoni pia, yatolewayo kwa ishara na wimbo, lugha ilikwisha kuyaunganisha mambo haya kabla yetu. Anayechelea kuchanganyikiwa na wageni kutoka Ulaya atakumbuka kwamba ngeli zipo.

Tuchukue kisa ambacho shule yoyote ingeweza kukiimba: kisa cha Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, ambaye mafundisho yake yalitangulia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ebrahim Hussein alikitungia tamthilia iliyotoka mwaka 1969, na masimulizi ya wazee yamo katika kumbukumbu zilizochapishwa na G.C.K. Gwassa na John Iliffe mwaka 1968. Inasimuliwa kwamba Kinjeketile aliingia katika kidimbwi, jamaa zake wakashindwa kumtoa, na siku ya pili akatoka mzima, nguo zake zikiwa kavu.

Mtayarishaji asiyetafakari atakimbilia maji: beseni, mpira wa bustani, au sauti ya mto katika kanda. Lakini ajabu ya kisa hiki haimo katika maji. Imo katika ukavu. Mwigizaji akilowa, kisa kimekufa. Kinachotakiwa ni kaniki kadhaa zilizoshonwa pamoja, wanakwaya kumi kila upande wakizishika pindoni na kuzipandisha na kuzishusha kwa mapigo ya wimbo. Mwigizaji anaingia chini ya kitambaa. Jamaa wanaita, kwaya inajibu kwa sauti ya chini isiyo na maneno. Beti tatu za wimbo wa usiku zinapita, kila moja polepole kuliko iliyotangulia. Kitambaa kinatulia. Anapotoka akiwa mkavu, hadhira haiulizi maji yalikuwa wapi, kwa sababu imeyaimba yenyewe kimoyomoyo. Hapo muda wa usiku mzima umebebwa na muziki, kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya.

Tufani nayo ina kanuni zake. Bati bapa jembamba lililoning’inizwa kwa kamba na kutikiswa kwa chini hunguruma vizuri. Bati la makunyanzi halifai, kwani mikunjo huukaza mwili wake na kuuzuia usitetemeke. Kayamba la pwani likiinamishwa taratibu hutoa mvua au mawimbi, kutegemea mkono. Jambo linalosahauliwa ni nafasi kati ya mwako na mshindo. Sauti husafiri yapata mita 340 kwa sekunde, hivyo radi iliyo umbali wa kilometa moja husikika baada ya sekunde tatu hivi. Kwaya ikiwekewa mapigo sita kati ya mwako na ngurumo, kisha manne, kisha mawili, mtazamaji atajua tufani inakaribia bila mhusika yeyote kusema. Huo ni utunzi, na nafasi yake ni katika maelezo ya jukwaani.

Kivuli ni rahisi zaidi. Taa ikiwa mita 4 nyuma ya shuka nyeupe, mwigizaji aliye mita 2 kutoka kwenye taa atakuwa na kivuli mara mbili ya kimo chake. Akirudi hadi mita 1, kivuli kitakuwa mara nne. Kwa shetani wa mtoni hakuna zaidi kinachohitajika.

Moshi ndio ninaoupinga. Mashine zake hukausha makoo ya waimbaji, na tamthilia ya nyimbo haina kingine cha thamani kuliko makoo hayo. Barafu kavu, yenye nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sufuri, huunguza ngozi, na hewa yake ya kaboni ni nzito, hutanda sakafuni pale pale alipolazwa mtoto anayeigiza maiti.

Moto nao ni jambo la kutisha zaidi, na historia ya tamthilia ya nyimbo ina ushahidi. Tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, onyesho la mchana la Mr. Bluebeard lilijaa kina mama na watoto waliokuwa likizoni. Katika wimbo wa mbalamwezi, cheche ya taa iliyotumika kuleta nuru hiyo ilishika pazia. Pazia la kuzuia moto likakwama njiani, na milango mingi haikufunguka. Watu 602 walikufa. Ukumbi ulikuwa umetangazwa kuwa hauwezi kuungua.

Idara zetu zingeweza kuanza na swali moja la mtihani, badala ya kutaka tena dhamira tano za tamthilia teule: mtahiniwa apewe waimbaji 40, kaniki, bati, taa mbili, na bwalo la shule lenye milango miwili ambayo lazima ibaki wazi, aandike maelezo ya jukwaani ya kidimbwi cha Ngarambe.