Watoto Waujue Mto Kagera



Mwanangu, hapa Biharamulo, kafundishwa kuwa mto Nile unaanzia Jinja, Uganda. Je, Kagera yetu? Mto huu hutoka upande wa ziwa Rweru, mpakani mwa Burundi na Rwanda, hukutana na Ruvubu karibu na Rusumo, wilayani Ngara, kisha humwaga maji ziwa Viktoria. Hakuna mto mkubwa kuupita unaoingia ziwani humo.

Mwaka 1876 mpelelezi Stanley aliuita Nile ya Alexandra. Jina hilo limekufa. Kagera limebaki, na mwaka 1979 mkoa wetu wa Ziwa Magharibi ukapewa jina hilo.

Walimu, msituzikie mto ungali hai. Wapelekeni watoto Rusumo wakajionee.

Mzazi,
Biharamulo.