Selimundu: Kwa nini lawama zote ni za mama?



Ndugu Waislamu, leo tunazungumzia jambo ambalo mara nyingi huwafikia masheikh wetu likiwa limekwisha kuharibika, nalo ni ndoa zinazovunjika kwa sababu ya ugonjwa wa selimundu. Mtoto wa kwanza anavimba vidole, macho yanageuka njano, analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Anazaliwa wa pili, naye vilevile. Hapo upande wa mume huanza kunong'ona kwamba mke ana "damu mbaya", au kwamba kwao kuna mkono wa mtu. Tumeketi katika vikao vya suluhu vya namna hiyo, na hatukumbuki hata kimoja ambamo mume aliulizwa habari za damu yake yeye.

Wataalamu wa maradhi ya kurithi wamelieleza jambo hili kwa uwazi. Mtoto huugua selimundu pale anaporithi kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, na aghalabu huzeeka bila kujua kwamba anakibeba. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Tunasisitiza "kila mimba", maana wapo wanaodhani kwamba wa kwanza akishaugua, basi watatu wanaofuata wamesalimika.

Wala mbebaji hana damu mbaya. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo sababu kinasaba hiki kimeenea katika nchi zilizosumbuliwa na malaria kwa karne nyingi, ikiwemo pwani yetu.

Huko Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia. Utafiti waliouchapisha mwaka 2011, uliohusu wagonjwa zaidi ya 1,700, ulionyesha kwamba kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tuizingatie miaka hiyo mitano. Ndiyo ile ile ambayo koo mbili huipoteza katika kulaumiana na kuzunguka kwa waganga, ilhali mtoto alihitaji kliniki, chanjo, penisilini na kinga ya malaria.

Wanaomshuku mke wangekumbuka hadithi mashuhuri ya bedui aliyemjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kwamba mkewe amejifungua mtoto wa rangi asiyoitarajia. Mtume hakumlaumu mama. Alimuuliza yule bwana habari za ngamia wake na rangi zao, mpaka akakiri mwenyewe kwamba huenda rangi hiyo imetokana na asili ya mbali. Kama bedui yule alitosheka, kwa nini sisi tusitosheke?

Kwa hiyo tunaona vijana wetu wapimwe damu kabla ya ndoa. Saudi Arabia ililifanya hilo kuwa sharti mwaka 2004, ingawa majibu hayawazuii wachumba kuoana wakipenda. Nasi hatusemi kwamba wabebaji wawili wameharamishiana. Hakuna mwenye mamlaka ya kuharamisha alichohalalisha Allah. Tunasema waingie wakijua, ili mtoto akizaliwa apimwe mapema na asiwepo wa kunyooshewa kidole.

Wapo mama zetu wanaohofia kwamba binti akijulikana ni mbebaji hatapata mchumba. Hofu hiyo hatuidharau, kwani midomo ya watu tunaijua. Lakini majibu ni amana baina ya wachumba na mawalii wao, si habari za kupelekwa kwenye ngoma au barazani. Na anayekwenda kuposa huku akijua hali yake na kuificha, huyo ameghushi, awe mwanamume au mwanamke.

Tunawaomba maimamu na wanaofungisha ndoa waulize habari za kipimo mapema, posa inapoletwa, kabla ya mahari kupokewa na kadi kuchapwa. Kuliuliza siku ya nikah, pilau likiwa jikoni na wageni wamekwisha kutandikiwa mikeka, ni kumtaka bwana harusi ajibu "ndiyo" hata kama hajapima.