Tahadhari kwa Namoruputh: Kiu Hii si ya Jua Tu

Mtu mzima akianza kunywa maji kikombe juu ya kikombe bila kutosheka, akiamka usiku mara tatu nne kwenda kukojoa, akikonda ilhali anakula, msimwambie ni jua. Mpelekeni akapimwe sukari wiki hiihii. Lodwar na Kakuma tayari zina watu wanaoishi na kisukari na presha, na kinachowaletea magonjwa hayo kinasafiri kwa lori kupitia Lorugum kila siku ya soko. Namoruputh bado ina nafasi ya kujikinga, ila nafasi hiyo haitangoja.

Ugumu wa kwetu ni kwamba dalili zenyewe zimejificha ndani ya maisha ya kawaida. Mahali ambapo joto hukaribia nyuzi 40, nani asiye na kiu? Mahali ambapo watu wengi ni wembamba, nani atashtuka jirani akipungua kilo tano? Ganzi ya miguu husingiziwa safari ndefu. Uchovu husingiziwa malaria. Mtu hununua vidonge dukani, akameza, akangoja. Kuna ishara moja ya zamani inayojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki: sisimizi kukusanyika palipokojolewa. Mkiiona, msiicheke. Presha nayo mara nyingi haitoi dalili yoyote, hadi asubuhi mtu anapoamka upande mmoja wa mwili umepooza.

Kwa nini sisi, na kwa nini sasa? Jibu lina umri wa miaka elfu kadhaa.

Tumezoeshwa kudhani kwamba hadithi ya chimbuko la binadamu imefungiwa kwenye makumbusho ya Nairobi pamoja na mifupa ya yule mvulana wa Nariokotome, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, aliyeishi kando ya ziwa letu la Turkana miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Tunajivunia, wageni wanapiga picha, basi. Lakini mageuko ya binadamu hayakukoma kwa mvulana yule. Yaliendelea, na katika nchi hii kavu yamefika hadi kwenye figo za watu wanaochunga mbuzi leo.

Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa Kenya na Marekani walioshirikiana na Waturkana kwa miaka mingi. Walisoma jenomu nzima za watu 367, wakakuta sehemu 8 zenye alama ya uteuzi wa asili. Iliyo wazi zaidi ina jeni iitwayo STC1, ambayo hufanya kazi kwenye figo: husaidia mwili kubana maji, na huenda pia ikazilinda figo dhidi ya taka za mlo wenye nyama nyingi. Kwa makadirio yao, mchujo huo ulishika kasi miaka kama 5,000 iliyopita, mvua zilipopungua na nyasi kugeuka vumbi. Ukiusema kwa maneno makavu: waliobana maji vizuri walizaa na kulea watoto wengi zaidi, na sisi ni wajukuu wao. Digidigi amepitia mchujo wa aina hiyo, ndiyo maana anaweza kukaa muda mrefu bila kukanyaga mtoni, akipata maji yake kwenye majani. Ngamia vilevile. Binadamu wa Turkana hakusamehewa eti kwa sababu ana akili.

Hata mifugo imetubadilisha. Wanyama wanyonyeshao, wakishaachishwa ziwa, hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanaendelea nao hadi uzeeni, kwa mabadiliko ya jeni yaliyozuka hukuhuku, tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hiyo mtu na ng'ombe wake wamefinyangana.

Mwili wa Mturkana ulikua kwa maziwa, damu na nyama, vitu ambavyo kwa Waturkana wafugaji bado ni sehemu kubwa ya chakula chote. Sasa angalieni rafu ya duka lolote la Lodwar: sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, soda, juisi ya unga ya watoto. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi, familia zikasogea mjini, na maziwa yakageuka chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari na mandazi mawili pembeni. Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992, wakimbizi wengi wamezoea kula nafaka na mafuta ya mgao, na mgao wenyewe umekuwa ukipunguzwa. Simlaumu mama anayempa mtoto turungi kwa sababu mbuzi wamekufa. Namlaumu anayeuza mbuzi wa mwisho mwenye maziwa ili anunue kreti ya soda ya harusi.

Utafiti mwingine, uliotoka mwaka 2020 ukiwa umepima Waturkana 1,226, ulionyesha jambo ambalo ndilo sababu ya kuandika haya. Walioacha ufugaji lakini wakabaki mashambani, wakichoma makaa au kusuka vikapu, afya ya moyo na damu yao haikuwa mbali na ya wafugaji. Waliohamia mijini ndio waliokuwa na unene, presha na vipimo vibaya vya damu, na waliokulia mijini tangu utotoni wakazidi. Maana yake madhara hayapandi kidogokidogo mtu akatahadhari njiani. Hukaa chini, halafu hupanda ghafla maisha ya mji yanapoingia nyumbani. Iwapo jeni zile za jangwani ndizo zinazozidisha madhara hayo, hiyo bado ni dhana inayofanyiwa kazi. Kwamba maisha ya mji yanaumiza, hilo limepimwa.

Habari hizi ni rahisi kupotoshwa, na upotoshaji ni hatari kama soda. Kuna kijana atakayejigamba kwamba Mturkana hapati presha, hiyo ni ya watu wa Kitale. Anapata. Na kuna kiongozi atakayesimama barazani aseme watu hawa wameumbwa kuvumilia kiu, kisima kinaweza kungoja bajeti ijayo. Figo inayobana maji haitengenezi maji. Watu wengi waliopimwa katika utafiti wa 2025 walikuwa na upungufu wa maji mwilini hata walipoonekana wazima. Mkisikia kauli hiyo, mjibuni papo hapo, mbele ya watu.

Basi fanyeni hivi. Tangu mwishoni mwa 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa begi lenye mashine ya presha na kipimo cha sukari; wa kijiji chenu aombwe aanze na kila aliyefika miaka 40, na yeyote aliyerudi kutoka mjini baada ya kukaa huko miaka. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine ikabaki hapo, inataka matibabu. Sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kula asubuhi inataka safari ya hospitali ya rufaa Lodwar, na dawa zikianza zisiachwe kwa kuwa mtu amejisikia nafuu. Mtoto mchanga anyonyeshwe, asizoeshwe soda. Aliye na mbuzi wa maziwa, maziwa yanywewe nyumbani kwanza, kinachobaki ndicho kiende sokoni.

Jambo la mwisho ni vibanzi vya kupimia sukari. Huisha upesi mashine ikiwa bado nzima, na begi lisilo na vibanzi halimpimi mtu sukari. Vikiisha Namoruputh, chifu na mwakilishi wadi waambiwe siku hiyohiyo.